Picha Isiyo na Ndara

Watu wa baraza yetu ya kahawa hapa Mombasa waliniita Nahodha, na chombo sina. Sijawahi kumiliki hata mtumbwi wa kupigwa kafi na mtu mmoja. Kazi yangu ni ukarani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na bahari naiona zaidi kwenye karatasi za makontena kuliko kwa macho. Jina lilitokana na ubao. Muuza kahawa alikuwa na ubao mweusi wa kuandikia bei. Bei zilipoanza kubadilika kila kukicha akauacha, nami nikauomba. Tangu hapo kila Alhamisi baada ya sala ya magharibi nikawa naandika hali ya maji: mwezi una siku ngapi, bamvua au maji mafu, yatajaa saa ngapi na kupwa saa ngapi, upepo unatoka wapi, na chini kabisa, kinachopatikana na mahali pake. Huo mstari wa chini ndio uliowafanya watu wavuke barabara kuja kusoma.

Wasomaji wangu hawakuwa wavuvi. Mvuvi hana haja na ubao wa karani. Anatazama mwezi, ananusa upepo, basi. Hawa walikuwa watu wa namna yangu: mwalimu, mfamasia, fundi wa majokofu, wenye tuktuk wawili watatu, watu wenye mshipi nyuma ya gari na hamu ya kurudi nyumbani Jumapili ndoo ikiwa na kitu. Tunavua tupate kitoweo, na tunavua tupate cha kusimulia Jumatatu. La pili ndilo kubwa, tusidanganyane.

Ninaloliungama ni mstari mmoja wa chini nilioandika wakati wa masika, pamoja na picha iliyokwenda nao. Ningeweza kusema nilikosea kwa kutojua, na kwa muda ndivyo nilivyokuwa nikisema. Nilijua.

Asiyekizoea kisiwa chetu lazima kwanza ajue maji yake yanavyotembea. Mombasa imekaa kati ya mikono miwili ya bahari. Kusini ni Kilindini, njia ya meli kubwa, inayoingia ndani hadi Port Reitz. Kaskazini ni mlango wa bandari ya zamani, unaopita chini ya daraja la Nyali kisha ukafunguka kuwa hori la Tudor, lenye mikoko kuanzia Mikindani na Jomvu hadi ndani kabisa. Maji ya bamvua hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na yote yanayojaza hori la Tudor sharti yaingie na kutoka kwa ule mlango mwembamba. Ndiyo maana mkondo pale darajani una nguvu ya kumwangusha mtu mzima, na ndiyo maana saa za jedwali la maji la Kilindini si saa za ndani ya mikoko. Pwani maji yakishaanza kurudi, kule ndani bado yanapanda kidogo. Tofauti hiyo niliijua vizuri kuliko wenzangu, na ndiyo iliyonipa heshima.

Jambo jingine ni saa zenyewe. Siku za bamvua, mwezi mchanga au mpevu ukishapita siku moja mbili, maji ya Mombasa hujaa mwendo wa saa kumi na hupwa mwendo wa saa nne, mchana na usiku. Kila siku yanachelewa kama dakika hamsini. Sasa fikiria mtu wa ofisini ambaye bamvua imemwangukia Jumamosi. Alasiri maji yamejaa hadi kwenye matawi ya mikoko. Jua linazama yakiwa yanatoka. Ikifika saa moja, saa mbili usiku, giza limeingia, na kila kilichokuwa kimejificha ndani ya mizizi hakina budi kufuata maji mferejini. Na kamba ni kiumbe wa usiku. Mchana amejifukia topeni, usiku anatoka.

Halafu kuna majira. Wakati wa kaskazi, kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi, bahari ya nje hutulia, maji yakawa maangavu, na mwenye chombo akaenda nje ya mwamba. Kusi ikishika, nje hakukaliki. Wavuvi wengi hurudi ndani ya mahori, na sisi wa mwisho wa juma tunakutana nao huko, wao na shida zao, sisi na miavuli yetu. Masika ikimwagika, mito ya Kombeni na Tsalu hugeuza maji ya ndani kuwa rangi ya chai ya maziwa. Wengi hudhani maji machafu hayafai. Kwa mshipi ni kweli, changu haoni chambo. Kwa kamba ni kinyume. Mvua ikipunguza chumvi kule mikokoni, kamba wadogo wanaokulia humo husukumwa kushuka kuelekea mlangoni, na ukiwa umesimama mahali pazuri wanakupitia miguuni.

Mahali pazuri nilipapata nyuma ya Mikindani: mfereji wa matope usiozidi upana wa chumba, unaokusanya maji ya sehemu kubwa ya mikoko na kuyatoa kwa mdomo mmoja. Nilikuwa na kimia changu, chenye matundu madogo, nilichokinunua kwa ajili ya kuvulia chambo. Kurusha kimia kunataka mikono mitatu, kwa hivyo wa tatu unakuwa mdomo: ukingo mmoja unaung'ata, mwingine unautundika kiwikoni, uliobaki unaugawa mkononi, kisha unajizungusha kiuno na kuachia vyote pamoja, meno yakiwemo. Ukichelewa kuachia, unajutia. Ladha ya risasi na matope haikutoki hadi kesho. Kimia kikifunguka vizuri, vipande vya risasi hugonga maji vyote mara moja, kwa sauti kama ya mvua ya ghafla juu ya bati; kikifunguka vibaya unasikia pwaa moja tu, na wenzako wanacheka.

Usiku mmoja wa masika ile kilifunguka vizuri. Nilipokivuta kilikuwa kinatetemeka. Nikamulika tochi: macho mekundu, mamia, na miili myembamba inayopenyeka mwanga, yenye vidoadoa vya kahawia, ikirukaruka kwenye nyuzi. Nilirusha tena, na tena, hadi ndoo ikawa nzito. Nilimchukua mmoja nikamlaza juu ya kidole changu cha shahada. Aliishia kwenye kiungo cha pili. Nikamchukua mwingine, vivyo hivyo. Ndoo nzima ilikuwa watoto.

Nyumbani mke wangu aliimimina kwenye sinia akauliza, "Hawa ni uduvi au kamba?" Nikamwambia ni kamba. "Basi njoo uwamenye wewe," akasema. Hawakumenyeka. Ukivuta ganda, kilichobaki hakitoshi kushikwa. Tuliwakaanga wazima wazima na ndimu, tukala kwa kutafuna ganda, na sehemu kubwa tukawagawia paka wa mtaa.

Sasa ile picha. Niliipiga kwenye sakafu ya veranda, kabla mke wangu hajawamimina kwenye sinia. Kwenye picha ya kwanza ndara yangu ilikuwa imeingia pembeni, na ukiitazama unaona mara moja kwamba kamba watano wakipangwa mmoja nyuma ya mwenzake ndio wanaifikia urefu. Niliitazama nikaichukia. Nikaisogeza ndara. Nikapiga magoti, nikaileta simu karibu kabisa na wale wakubwa niliowachagua nikawaweka mbele, taa ikiwa upande. Ya pili ilitoka na kamba wa kuwekwa kwenye sahani ya hoteli ya Nyali. Ile ya kwanza nikaifuta.

Alhamisi niliandika: KAMBA WAMEJAA MIKINDANI. JUMAMOSI KUANZIA SAA MOJA USIKU. NJOONI NA NDOO. Na picha ikatembea simu kwa simu hadi nikarudishiwa na mtu nisiyemjua, akiniuliza kama najua ni wapi.

Kwa nini? Wiki mbili kabla niliandika kwamba kolekole wamesogea darajani, watu wakaenda, wakarudi mikono mitupu na jua limewachoma. Mfamasia alinitania mbele ya baraza nzima kwamba nahodha amezamisha ubao. Nilicheka na wote. Usiku sikulala vizuri. Aibu ya kutaniwa kwenye kahawa, hiyo ndiyo iliyoniondolea ndara pichani. Ningependa iwe sababu kubwa zaidi, lakini sina.

Walikuja. Jumamosi ile na bamvua iliyofuata, na iliyofuata, njia ya kwenda mferejini ilijaa magari na tuktuk. Wenye kimia walileta kimia. Wasiokuwa nacho walishona vyandarua viwili vitatu vya mbu vikawa wavu, wakaziba mdomo wa mfereji kutoka ukingo hadi ukingo, kitu ambacho mimi mwenyewe sikuwahi kukiwazia. Chandarua hakichagui: vifaranga vya chaa, mkizi wa urefu wa ukucha, kaa wadogo, vyote vilitupwa juu ya matope vikauke. Miche ya mikoko iliyopandwa ukingoni ilikanyagwa ikalala. Watu walinipigia makofi. Nilisimama kwenye mawe nikiwaelekeza pa kurushia, na siwezi kuficha kwamba usiku ule nilikuwa na furaha kubwa.

Kisha kamba wakaisha, kama kawaida yao: hawakai pale, wanapita. Nikaandika ubaoni kwamba msimu umekwisha. Barazani tukaanza kutafuta wa kulaumiwa kwa nini umekuwa mfupi, na sababu hazikuwa adimu. Maji taka ya mitaa ya Mikindani kumiminika mikokoni si uzushi. Harufu tu inakueleza. Tuta la Makupa, lililotenganisha maji ya Tudor na ya Port Reitz kwa miongo mingi, lilipisha daraja lililofunguliwa mwaka 2022, na kila mtu ana nadharia yake kuhusu mkondo mpya. Na meli za kukokota nyavu za kamba kule Ghuba ya Malindi na Ungwana ndizo adui wa kila mtu. Nilihutubia vizuri sana juu ya meli hizo. Nilieleza kwamba zilisimamishwa mwaka 2006 baada ya ugomvi mrefu na wavuvi wadogo, kwamba ziliporudi zilirudi chini ya mpango wa usimamizi wa kamba wa mwaka 2010 unaozifungia tangu Novemba hadi mwisho wa Machi, kwamba Tanzania nayo ilizisimamisha za kwake mwaka 2008. Yote hayo ni kweli. Niliyasema mate yakinitoka, na katika wasikilizaji wangu walikuwemo walioshona vyandarua.

Aliyenikatiza hakuwa wa baraza. Pale mferejini, tangu kabla yetu, kuna wanawake wanaotanda uduvi. Wanaingia wawili wawili maji kiunoni, tandilo likiwa kati yao, wanatembea taratibu dhidi ya mkondo, kisha wanainua pembe nne kwa pamoja. Siku za fujo letu hawakuweza kuingia. Mdomo ulikuwa umezibwa na sisi. Hakuna aliyewafukuza, na hakuna aliyewapisha. Siku moja nimekwenda mchana, maji yamekupwa, mmoja wao, mtu mzima, alikuwa ameketi kwenye kisiki akisuuza tandilo lake.

"Shikamoo, Bi mkubwa."

"Marahaba. Wewe ndiye Nahodha?"

Nikasema ndiye mimi, nikatabasamu hata.

"Mjukuu wangu kanionyesha picha. Nikamwambia hawa siwajui. Miaka yote niliyotanda hapa sijaona kamba wa ukubwa ule ndani ya mfereji. Huyu bwana kavua wapi? Akanambia hapa hapa, bibi, Mikindani." Akaniangalia. "Hapa hapa?"

Hapo ndipo nilipoongeza kosa juu ya kosa. Badala ya kunyamaza nilimwambia kwamba tandilo lake nalo halichagui, kwamba uduvi anaoutanda umechanganyika na watoto wa kamba hao hao. Nilisema kwa adabu, kwa sauti ya mtu anayejua.

"Halichagui," akakubali, wala hakukasirika. "Mimi hapa napata kitoweo na nauli ya mtoto ya shule. Wewe nauli yako analipa nani, mwanangu?"

Nilijibu kitu kuhusu serikali. Sikumbuki vizuri, na heri nisikumbuke.

Baadaye nilikaa nikajifunza nilichopaswa kujifunza kabla ya kushika chaki. Kamba jike hutaga baharini, nje, mayai kwa malaki. Yanaanguliwa ndani ya siku moja hivi, na viluwiluwi vinabadilika umbo mara kadhaa vikielea kwa muda wa wiki mbili tatu, hadi maji kujaa yanapoviingiza horini vikiwa na urefu wa sentimita moja tu. Humo mikokoni ndimo wanamolelewa kwa miezi michache, kisha wanatoka kurudi bahari ya nje, wanakua, wanataga, na maisha yao yote mara nyingi hayazidi sana mwaka mmoja. Kwa hiyo yule niliyemlaza juu ya kidole alikuwa njiani. Alikuwa na sentimita tano hivi, uzito wa gramu moja na kitu. Akifika sentimita 15 anakuwa na gramu 25 au zaidi, kwa sababu urefu ukizidi mara tatu uzito unazidi mara ishirini na kitu. Ndoo yangu moja, kama wote wangepona, ingekuwa ndoo ishirini miezi michache baadaye, huko Kilindini nje au popote watakapokwenda, mikononi mwa watu wengine. Na hicho ndicho kinachouma mvuvi wa kujifurahisha: ndoo hizo ishirini zisingekuwa zake.

Tena ule mpango wa kuzifungia meli, niliousifu kwa ufasaha, hautufungii sisi kurusha kimia mdomoni mwa mfereji wakati watoto wanatoka. Meli kubwa inangoja miezi mitano. Karani na ndoo hangoji.

Sitaki nichukue lawama isiyo yangu, maana hiyo nayo ni namna ya kujitukuza. Sisi hatukuwamaliza kamba wa Tudor. Jike mmoja hutaga mayai kwa malaki, na watoto wengi wa kamba huliwa na samaki kabla hata hawajafika mlangoni. Maji taka ni mabaya kuliko kimia changu. Tulichokifanya ni kidogo na kinaweza kuonyeshwa kwa kidole: ukingo uliokanyagwa, wanawake waliokosa mahali kwa bamvua kadhaa mfululizo, na watu wengi waliojifunza kutoka kwangu kwamba kamba wa ukubwa ule ni mali ya kubebwa. La mwisho ndilo silijui nitalifutaje. Kama ningeacha ndara pichani, nusu yao wasingetoka nyumbani. Mtu hachomi petroli kwenda kuvua vitu visivyomenyeka.

Nililisema barazani, Alhamisi, badala ya kuandika. Nilisema picha ilikuwa ya uongo na nilijua. Mwalimu alinyamaza. Fundi wa majokofu akasema kwani nani hakujua, yeye aliwaona mwenyewe kwenye ndoo yake na alikuja tena, kwa hiyo tusibebeshane. Mmoja wa wenye tuktuk alikasirika kweli: alikuwa amewauzia watu wa mtaani kwake kwa maneno yangu, kabla hajawaona, na ikabidi arudishe pesa. Kwa hao wengine niliomba msamaha wa jumla, kwake nikalipa.

Siku hizi ubaoni naandika mwezi, saa na upepo. Mstari wa chini naandika samaki wa mshipi: maji mafu, mkondo ukilegea, changu chini ya daraja, chaa mchangani maji yakianza kujaa. Kamba siandiki. Kimia cha matundu madogo nimekikata nikakifanya cha kufunikia mche wa mpapai. Wanawake wa uduvi wamerudi mferejini, ingawa miche ya ukingoni haijasimama tena yote.

Mfamasia amenunua kimia kipya. Kina matundu mapana, kanionyesha kwa fahari, na amesema wadogo atawarudisha. Huenda. Ameniuliza bamvua ya masika ijayo inaangukia tarehe ngapi, nikamwambia, maana hata nisingemwambia mwezi ungemwambia. Mahali hakuniuliza. Anapajua, nilimwonyesha mimi.